Wanaume 18 wa jina moja na kromosomu ya Afrika Magharibi: uchambuzi wa kisa cha Yorkshire

Watu wananiuliza sana siku hizi, "nikituma mate yangu maabara nitajua asili yangu?", na mara nyingi anayeuliza ashaona tangazo, hela ashaweka pembeni, anachotafuta ni mtu wa kumwambia ndiyo. Mimi huwa sisemi ndiyo wala hapana, namsimulia kisa kimoja cha Uingereza halafu namwacha aamue mwenyewe. Nimekisimulia mara nyingi mpaka nimechoka, so leo nakiandika chote hapa, atakayeuliza tena natuma hii.

Kisa ni cha kweli, kilifanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Leicester na matokeo yakachapishwa 2007. Jina la ukoo wenyewe silitaji. Makala ya watafiti iliishia kusema ni jina adimu la mashariki mwa Yorkshire, eneo la kaskazini mwa Uingereza, na nadhani walifanya vizuri, maana jina kama Smith ukilitaja hujamtaja mtu yeyote, ila jina adimu ukilitaja umeshawataja watu, nyumba zao na watoto wao shuleni. Kuna vyombo vya habari vililitoa baadaye, hiyo juu yao. Hapa litaitwa jina X.

## Kwanza ubini wao unavyofanya kazi

Hapa lazima tukae kidogo, mtu asipoelewa hili kisa chote kinampita.

Sisi huku wengi tunatumia jina la baba na la babu. Juma Hamisi Salum akizaa Ali, mtoto anaitwa Ali Juma Hamisi, Salum kashashushwa kituoni. Akija mjukuu na Hamisi naye kashuka. Kwa hiyo ukitaka kujua kitukuu, kilembwe na kilembwekeza wa mtu fulani jina peke yake halikusaidii, unamtafuta bibi mwenye kumbukumbu.

Ubini wa Muingereza haushuki. Baada ya Wanormani kuingia 1066 wakubwa wenye mashamba ndio walianza kurithishana majina, halafu mtindo ukateremka taratibu kwa watu wa kawaida, kusini ukatangulia na kaskazini, Yorkshire ikiwemo, ukachelewa, mpaka katikati ya karne ya 15 hivi karibu kila mtu ana jina ambalo baba yake alikuwa nalo. Mwanzoni lilikuwa ni la kumtambulisha mtu tu: huyu mhunzi, huyu wa kijiji fulani, huyu mtoto wa John, huyu mwekundu wa nywele. Halafu likaganda. Mjukuu wa mhunzi akawa mwokaji mikate na bado anaitwa Mhunzi.

Sasa jina likishaganda linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na wa kiume naye kwa wa kiume wake. Kuna kitu kingine mwilini kinatembea njia hiyohiyo, nacho ni kromosomu Y, kifungu cha vinasaba ambacho kwa kawaida wanacho wanaume tu, baba anampa mtoto wa kiume karibu kama ilivyo, mama haiingilii. Jina na Y ni kama abiria wawili wamepanda basi moja. Wasiposhuka njiani, ukikuta wanaume wawili leo wana jina moja adimu, kuna uwezekano mzuri wana Y moja, yaani wana babu mmoja hata kama hawajuani na wanaishi mbali.

Ila abiria hushuka, na kila mtu anajua wanavyoshuka. Binti kazaa nje ya ndoa, mtoto kachukua jina la upande wa mama. Mtoto kalelewa na mjomba. Mwanaume kabadili jina ili apate urithi. Na ile nyingine, mke kazaa na jirani na mume kabambikiwa, na wahenga wetu walishaifunga kwa adabu waliposema kitanda hakizai haramu. Kwenye karatasi kweli hakizai haramu, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa anaandikwa wa mume, ila kromosomu haijasoma methali. Makadirio kwa Uingereza ni asilimia chache tu kwa kila kizazi. Chukua 2, piga vizazi 10, utaona karibu mistari 18 katika 100 jina na Y vimeshaachana. Sio kidogo, na bado 82 vinatembea pamoja.

Halafu kuna uadimu wenyewe, na hapo ndipo kisa chetu kinasimama. Smith maana yake ni mhunzi, na walikuwepo kila kijiji chenye tanuru, kwa hiyo Smith wa leo wana mababu mamia kwa mamia, kuwa na jina moja hakuna maana yoyote. Jina adimu linaweza kuwa limeanzia kwa mtu mmoja. Timu hiyohiyo ya Leicester ilishapima hili 2006: walichukua jozi 150 za wanaume, kila jozi wana jina moja lakini hawajijui kuwa ndugu, wakakuta karibu robo ya jozi, asilimia 24, zina dalili ya babu mmoja wa karibuni, na kwa majina adimu zaidi ikapanda kufika karibu nusu. Mwaka 2009 wakaja na kubwa zaidi, wanaume 1,678 wa majina 40, picha ikabaki ileile: jina likiwa la watu wengi Y zimetawanyika, likiwa adimu Y zinajikusanya.

Uadimu una sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui, majina yanakufa. Francis Galton na Henry Watson walilipigia hesabu 1874. Ukidhani kila mwanaume kwa wastani anaacha mtoto mmoja wa kiume, wengine hawaachi na wengine wanaacha watatu, yaani bahati tu, baada ya vizazi 10 mistari kama 84 katika 100 imeshafutika kabisa. Waliobaki sio kwamba walikuwa bora, walipata wavulana basi. Hii iwekeni akilini, nitairudia.

## Kilichotokea

Turi King alikuwa Leicester kwenye maabara ya Mark Jobling, kazi yake ilikuwa hiyo ya majina na Y. Kati ya sampuli za wanaume wa Uingereza wakakuta moja imekaa vibaya. Mwenyewe ni Muingereza wa kawaida kabisa, mweupe, hana stori yoyote ya Afrika kwenye familia, ila Y yake ikaangukia kundi A1.

Kwa asiyefuatilia: kromosomu Y zote za dunia zinapangwa kama mti, kila tawi lina herufi yake na vitawi vyake vina namba, A1 ni kitawi cha A. A kwa wakati ule lilihesabiwa ndilo tawi linalotoka karibu na shina kuliko yote, na lilihesabiwa la Waafrika pekee, hakuna mtu wa Uingereza wala wa sehemu nyingine ya Ulaya Magharibi aliyewahi kuripotiwa kuwa nalo. Walipolinganisha na sampuli za Afrika yenyewe, la huyu jamaa likaelekea Afrika Magharibi.

Sasa fikiria wewe ndio uko maabara. Majibu rahisi yapo mawili: sampuli imechanganyika, tupa, au huyu baba yake au babu yake mzaa baba alikuwa Mwafrika na familia imeficha, andika hivyo funga faili. Yote mawili yangekuwa makosa, na yote mawili mtu mvivu angeyachukua, mimi nikiwemo siku nyingine.

Wao wakaliangalia jina lake. Jina X, adimu, la upande wa mashariki mwa Yorkshire, ile nchi ya Hull na Beverley na vijiji vya mashambani kuelekea bahari ya kaskazini. Wakaenda kutafuta wanaume wengine wa jina hilo wakaomba sampuli. Jumla wakapata 18 wengine.

Saba kati ya hao 18 walikuwa na A1.

## Kwa nini walilifuata jina na sio mtu

Huu ndio uamuzi uliobeba kisa, hebu tuukague.

Wangebaki na mtu mmoja, walichokuwa nacho ni kioja tu, mtu mmoja mwenye Y ya Afrika Magharibi anaweza kuwa ameipata jana. Wangemuuliza ndugu zake wa karibu wangepata jibu la ndugu wa karibu. Kwa kulifuata jina waliwafikia watu ambao hawajuani, wasiokumbuka kuwa ni ndugu, na saba wakiwa na kitu ambacho hakipatikani kabisa kwa Waingereza wengine, bahati nasibu inatoka kwenye maelezo. Hawa wana babu mmoja, na huyo babu alikuwa nyuma kiasi cha kusahaulika na watu wote saba.

Na ingewezekana kwa jina adimu tu. Jaribu njia hiyohiyo kwa Smith, ungehitaji maelfu ya sampuli na labda usipate hata mmoja.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuchukua mtaalamu wa nasaba za makaratasi awafuate wale watu kwenye kumbukumbu, kizazi kwa kizazi. Watu wa maabara wengi hawafanyi hivi, wanaona karatasi ni kazi ya wazee wastaafu. Uamuzi wa tatu ni kuongeza sehemu za Y zinazopimwa mpaka 77. Nitaeleza vyote viwili.

## Karatasi

Ukitaka kurudi nyuma kwa Muingereza unapita ngazi tatu. Kuanzia sasa kurudi hadi 1 Julai 1837 kuna usajili wa serikali, vizazi, ndoa, vifo, unaagiza cheti unapata. Kuna sensa kila miaka 10, zenye majina ya watu wote kuanzia 1841, na ile ya 1841 ina kituko, waliozidi miaka 15 makarani walitakiwa kushusha umri hadi tano ya karibu, mtu wa 39 anakuwa 35, kwa hiyo ukikuta babu yako kazaliwa mwaka wa ajabu usimlaumu. Sensa ya 1881 ndiyo inayopendwa na watu wa majina maana imeingizwa yote kwenye data, unaandika jina adimu na ramani inakuonyesha vijiji vyake, mara nyingi vimebanana sehemu moja kama mayai ya kuku.

Kabla ya 1837 unaingia kanisani. Rejista za parokia ziliamriwa 1538 na Thomas Cromwell, ubatizo, ndoa, mazishi, na kuanzia 1598 nakala ya kila mwaka ilipelekwa kwa askofu, ambayo ni nzuri sana panya wakila ya kwanza. Tatizo ni kwamba nyingi ni mstari mmoja tu. "William mtoto wa Thomas X, kabatizwa siku fulani." Basi. Thomas yupi? Kijijini wapo watatu. Na kasisi anaandika anavyosikia, jina moja utalikuta na herufi tofauti ndani ya daftari moja. Halafu mpaka 1752 mwaka wao mpya ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari 1740 ya kwenye daftari kwetu ni Januari 1741, nimeshaona mtu kamzalisha mama miezi mitatu baada ya harusi kwa kosa hilohilo na mwingine kamfufua marehemu kabisa.

Yorkshire ina raha yake lakini. Kulikuwa na kasisi anaitwa William Dade, mwenyeji wa mashariki mwa Yorkshire, akifanya kazi York, alichoka na mistari mifupi. Akaanza kuandika rejista pana yenye safu: mtoto, baba na kazi yake na anapokaa, baba yake baba ni nani, mama ni binti wa nani. Yaani ukurasa mmoja unakupa vizazi vitatu, sisi tunaotafuta nasaba tukiufungua tunataka kulia kwa furaha. Mwaka 1777 Askofu Mkuu wa York, William Markham, akataka parokia zote za jimbo lake zifuate. Makasisi wengi wakaona kazi nyingi, wengine wakafanya nusunusu, wengine hawakufanya kabisa, na 1813 zilipokuja fomu za kuchapwa za nchi nzima mchezo ukaisha.

Na kipindi hichohicho serikali ikaleta mambo yake. Kuanzia 1783 hadi 1794 kila ubatizo, ndoa na mazishi yakiandikwa yalitozwa peni 3, fukara hawatozwi. Unaweza kukisia kilichofuata, wengine walijazana kubatiza kabla kodi haijaanza, wengine wakaahirisha, wengine ghafla wakawa fukara.

Kwenye jina X karatasi ziliwaingiza watu wa A1 katika miti miwili ya ukoo. Kila mti una babu wa juu kabisa aliyeishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Hapo ndipo karatasi zikagoma, mti wa kwanza na wa pili hazikuunganika.

## Saa ya ndani ya damu

Karatasi zikigoma unageukia hesabu. Kwenye kromosomu Y kuna sehemu ambazo herufi chache zimejirudia kama kaseti iliyokwama, GATA GATA GATA GATA, mtu mmoja ana marudio 10 mwingine 11. Baba akimrithisha mtoto kwa kawaida idadi inabaki, ila mara mojamoja inaongezeka au kupungua moja. Kadiria mara 2 katika kila 1,000 kwa sehemu moja kwa kizazi kimoja. Ukiwa na sehemu 10 tu utangoja sana kuona tofauti. Ukiwa na 77 unatarajia badiliko moja kila baada ya vizazi sita au saba vya baba na mtoto. Ndiyo sababu waliongeza, saa yenye mshale wa dakika sio sawa na saa yenye mshale wa saa tu.

Majibu yakakubaliana na kwamba miti miwili inakutana vizazi vichache tu juu ya pale karatasi zilipoishia. Maana yake nini? Mwenye A1 alishakuwa ndani ya jina X kabla ya hao mababu wawili wa mwisho wa karne ya 18, kwa hiyo tunasogea katikati ya karne hiyo au nyuma zaidi. Saa hii ina kingo pana lakini, ikikwambia vizazi vinne inaweza kuwa viwili au saba, mtu akikutajia mwaka kamili kwa njia hii mkatalie.

## Matokeo

Kwa ufupi: ushahidi wa kwanza wa kijenetiki wa Waafrika ndani ya Waingereza wanaojiita wenyeji. Historia ilishajua zamani kwamba walikuwepo. Kwenye Ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, pale Burgh by Sands, kuna maandishi ya karne ya 3 yanayotaja kikosi cha Wamoor, watu wa Afrika Kaskazini. Kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna iliyopo Libya ya leo, alifia York mwaka 211. John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi wa wafalme Henry VII na Henry VIII, kachorwa kwenye hati ya mashindano ya Westminster ya 1511. York kwenyewe mwaka 1687 John Moore, ameandikwa mweusi, alipokelewa kuwa raia huru wa mji. Halafu karne ya 18 biashara ya utumwa ikileta maelfu, mabaharia, watumishi wa majumbani, watu waliotumikishwa, wengi wakabatizwa wakapewa majina ya kizungu na wakaoa wenyeji. Kilichokuwa hakijulikani ni walienda wapi. Jibu la jina X ni kwamba hawakwenda popote, wapo, wanakunywa chai Yorkshire.

Na mbona hawaonekani? Hesabu ya kawaida tu. Babu wa kizazi cha 9 kwenda juu ni mmoja kati ya nafasi 512, kwa wastani kakuachia asilimia 0.2 ya vinasaba vyako vya kawaida, sura haiwezi kubeba hiyo. Y tu ndiyo inashuka nzimanzima, haigawanywi na mtu. Mtu mweupe pee anabeba Y ya Afrika Magharibi, na mjomba wako mweusi tii anaweza kubeba Y ya Mreno, hakuna ajabu.

## Kilichofanya kazi

Jina lilifanya kazi kuliko kipimo. Hili nalisema kwa kusisitiza kwa sababu wauzaji wa vipimo hawatalisema. Chukua Y ya yule jamaa wa kwanza, futa jina, peleka kokote, utaambiwa Afrika Magharibi, na ndivyo ilivyo kwa Y yenyewe ila kwa mtu utakuwa umedanganya, maana ukoo wake umekaa Yorkshire zaidi ya miaka 200 tena kwa karatasi. Watafiti wenyewe walilitaja kama onyo, usimpe mtu asili yake kwa kutazama Y peke yake. Polisi wakiokota damu eneo la tukio na kumsaka mtu mweusi kwa Y hii watatafuta mpaka wachoke.

Kuwafuata watu wasiojuana kulifanya kazi. Kuficha jina nako, ingawa kwa muda.

Na ile bahati ya Galton. Watu wanaona 7 kati ya 18 wanadhani labda waliingia Waafrika wengi. Hapana, alihitajika mmoja tu mwenye wavulana, na wavulana wake nao wakawa na wavulana, wakati mistari mingine ya jina X inakatika kwa kuzaa mabinti au kufia baharini. Kwenye jina kubwa huyu mtu angemezwa. Kwenye jina dogo, vizazi vichache tu vya bahati, anakuwa karibu asilimia 39 ya waliopimwa.

## Kilichokwama

Miti miwili haikuunganishwa kwa karatasi. Hilo ni pengo na hesabu ya marudio hailizibi, inasema tu kwamba kuungana kunawezekana na sio mbali.

Namna A1 ilivyoingia kwenye jina nayo haikupatikana, na njia ni tofauti kabisa moja na nyingine. Mwafrika kabatizwa akapewa jina X la bwana wake au la mdhamini wake. Au Mwafrika hakuwahi kuitwa X maisha yake yote, ila alizaa na binti wa X nje ya ndoa na mtoto akabaki na jina la mama. Au kitanda hakikuzaa haramu. Au hata hakuingia Yorkshire yeye, aliingia mahali pengine karne nyingi nyuma, hata enzi za Warumi, na mjukuu wake asiyejua lolote, mweupe kama wengine, ndiye aliyeingia kwenye jina. Vyombo vya habari kama kawaida vilipenda mwanajeshi wa Kirumi na mtumwa, stori mbili nzuri, kisa chenyewe hakichagui.

Halafu sayansi ikawasogezea goli. Mwaka 2013 likachapishwa tawi jipya, A00, lilionekana kwa Mmarekani mweusi aliyekuwa na mizizi South Carolina na likapatikana kwa watu wa kabila la Mbo wa Kameruni, nalo linachepuka chini zaidi ya lile A1, ambalo siku hizi limebadilishwa jina linaitwa A1a. Kwa hiyo ule msemo wa tawi la chini kuliko yote ulikuwa sahihi 2007 na sasa umezeeka. Uafrika Magharibi wake haujaguswa, lakini ukikuta mtu anairudia hiyo sentensi leo jua hajasoma cha karibuni.

Na wale 11 wasio na A1. Kwangu hapa ndipo uchambuzi wa watu wengi unakuwa mfupi, wanaruka kwenda kwa saba. Hawa 11 wana jina X sawasawa na wale, na wengine labda ndio wenye Y ya mwanzilishi wa jina, na wale saba ndio wa kushukia kituoni. Au mwanzilishi hakuwa mmoja. Ukitaka kujua nani alipanda basi kwanza unahitaji karatasi za kabla ya 1750 na ndizo zilizogoma.

Ningepewa mimi nafasi ya kuendelea ningeenda kwenye nakala za askofu, za jimbo la York zipo Taasisi ya Borthwick palepale York, na ningechukua parokia ambazo jina X lilikuwepo, kuanzia kama 1650 hadi 1750. Nisingeanza na ubatizo wa watoto maana mtu aliyeletwa akiwa mkubwa hayupo humo. Ningeanza na mazishi. Kasisi akimzika mgeni mara nyingi aliweka neno moja pembeni ya jina, "mweusi", "Mmoor", "mtumishi wa fulani", hata kama mwenyewe aliishi hapo miaka 30 akiwa ameoa na ana watoto. Halafu ubatizo wa watu wazima. Halafu ndoa za watu wa jina X ambazo mmoja wa wahusika hana baba anayejulikana. Kazi ya miezi, macho yanauma, na unaweza kutoka mikono mitupu, ila kama huyo mtu aliwahi kuandikwa mahali, kuna uwezekano mkubwa aliandikwa siku waliyomfukia.